Tende Moja kwa Siku

Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Kila nyumba inaijua siku ambayo chakula ni kidogo na walaji ni wengi. Siku hiyo ndipo hujulikana kama aliyeshika upawa ni kiongozi au ni mwenye nguvu tu. Wiki hii tuitazame safari moja aliyoisimulia Jabir bin Abdillah (R.A.), wakaipokea Bukhari na Muslim.

Mtume (S.A.W.) alituma watu 300 kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu, akamweka Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A.) kuwa amiri wao. Njiani masurufu yakapungua. Amiri akaamuru kilichobaki katika jeshi zima kikusanywe pamoja. Ikawa ni mifuko miwili ya tende. Akawa akiwagawia kidogo kidogo, hata fungu la kila mtu likafikia tende moja kwa siku. Wakiimumunya kama mtoto anyonyavyo, kisha wakinywa maji juu yake. Zilipokwisha, wakapukutisha majani ya miti kwa fimbo, wakayarowesha na kuyala.

Katika dhiki hiyo Qays bin Saad (R.A.) akawachinjia wenzake ngamia watatu, kisha watatu, kisha watatu. Abu Ubayda akamzuia. Ukarimu ule ulikuwa mwema, lakini jeshi lililokula vipando vyake litarudi kwa nini?

Hatimaye bahari ikawatupia samaki mfano wa kilima, aitwaye anbar. Kwanza amiri alisema ni mzoga. Kisha akairejea kauli yake na kuwapa sababu: wao ni wajumbe wa Mtume, wamo katika njia ya Allah, na dharura imewafika, basi na wale. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume (S.A.W.), naye akaikubali riziki ile, akala katika nyama waliyobakisha.

Twapata hapa mafunzo matatu. Amiri alikusanya kabla ya kugawa, kila mmoja akajua kilichomo mfukoni. Alitazama kesho, hata alipolazimika kumzuia mtu mkarimu. Na alipobadili uamuzi, hakuona haya kuueleza.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Baba anapoficha kipato chake, mama hugawa gizani. Kamati isiyotaja kilichomo kwenye sanduku huzaa manung'uniko, hata ikigawa kwa haki. Watu hustahamili uchache. Wasichostahamili ni kutojua. Tende moja iliwatosha watu 300 kwa kuwa hapakuwa na mfuko wa tatu uliofichwa.

Basi jioni ya leo, mtoto akiuliza kwa nini fungu lake ni dogo, tusimkaripie. Tumfunulie chungu aone, kisha tumweleze.

Wabillahi tawfiq.