Kuelekea, Kukabili na Kibla ya Gitega

Abiria anayepanda basi Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, husema, "Naelekea Muyinga." Yuko safarini. Mwenye nyumba akisema mlango wake "unaelekea barabara", anazungumzia kitu kisichosogea hata hatua moja. Kitenzi ni kilekile.

Kuelekea kumebeba maana tatu: kwenda upande fulani, kugeuza uso upande fulani, na kukaribia hali fulani, kama mazungumzo yanapoelekea kuvunjika. Visawe vyake vimegawana kazi hiyo. Msafiri hushika njia ya Muyinga. Nyumba hutazama au hukabili barabara, na ikiwa mbele ya soko husemwa iko mkabala nalo. Maduka mawili huelekeana. Kukabili kuna uzito zaidi, kwa kuwa watu hukabili pia njaa, adui na mashtaka. Mtoto wa Burundi hajifunzi haya kwa shida, maana Kirundi chake kina kwerekeza, ndugu wa karibu wa kuelekea na kuelekeza.

Msikitini, neno hili hudai usahihi. Anayeswali huelekea Kibla, yaani upande wa Kaaba iliyoko Makka. Mchinjaji humwelekeza mnyama huko. Maiti hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukikabili Kibla.

Lakini Kibla iko wapi? Kutoka Unguja, Makka iko karibu kaskazini kamili; tofauti ni takriban digrii 1 tu. Ndiyo maana mabaharia na wazee wa pwani walitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini, na suheli, jina la nyota, kwa maana ya kusini.

Uislamu na Kiswahili vilifika Burundi vikitokea pwani hiyo, kwanza kwa wafanyabiashara wa karne ya 19 waliofika kando ya Ziwa Tanganyika, kisha kwa askari na watumishi wa utawala wa Kijerumani, ulioanzisha kituo cha Gitega mwaka 1912. Neno lilisafiri bila kubadilika, lakini upande wenyewe ulibadilika. Gitega iko magharibi zaidi ya Unguja kwa takriban digrii 9 za longitudo, hivyo Kibla yake imeinama kutoka kaskazini kuelekea mashariki kwa takriban digrii 21. Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi karibu na mpaka wa Tanzania na yenye Waislamu wengi, iko karibu hivyohivyo. Anayeswali huko akikabili kaskazini kamili, kwa mazoea ya pwani, amekosea kwa pembe kubwa.

Kuhakikisha hakuhitaji chombo cha gharama. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu kabisa ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, na tarehe 15 au 16 Julai. Kwa saa za Burundi, hiyo ni saa 5:18 asubuhi mwezi Mei na saa 5:27 mwezi Julai. Simika fimbo wima kwenye uwanja ulio sawa, kisha simama upande wa kivuli ukikabili jua. Hapo umeielekea Kaaba. Wazee wa misikiti na mafundi wanaochora misingi mipya, Gitega na Muyinga, wasiache tarehe hizo zipite bila kupima.