Sura yako ina miaka mingapi?

Kila siku, msomaji, unakadiria umri wa watu bila ya kujua kwamba unafanya hivyo. Ukishuka feri ya Likoni na kupanda matatu ya kwenda Ukunda, yule aliyeketi kando yako unamtupia jicho mara moja tu, kisha unaamua kama utamwamkia "shikamoo" au utamwambia "mambo". Mara nyingi hukosei sana. Lakini iko siku utampa shikamoo mtu ambaye kumbe ni rika lako, naye aitikie "marahaba" huku amenuna.

Kosa kama hilo huishia kwa kicheko. Yako mengine yasiyochekesha. Katika kaunti ya Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, kukosea umri wa mtu kwa kumtazama sura kunaweza kumgharimu utoto wake, haki yake, au hata uhai wake. Ndiyo sababu wiki hii tunaeleza ni nini hasa kinachomfanya mtu aonekane mdogo au mkubwa kuliko miaka yake.

Umri wa aina mbili

Kila mtu ana umri wa kalenda, yaani miaka tangu azaliwe. Pia ana umri wa mwili, yaani kiasi ambacho ngozi, mifupa, meno na mishipa yake imechakaa. Umri wa kwanza huenda kwa mwendo mmoja kwa watu wote. Wa pili huenda mbio kwa huyu na polepole kwa yule.

Watafiti wa Denmark walilipima jambo hili kwa kutumia mapacha 1,826 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Picha za nyuso zao zilionyeshwa kwa wauguzi wa wazee, kwa vijana wa kiume waliokuwa wakisomea ualimu, na kwa akina mama wazee, nao wakaambiwa wakadirie miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Yalionyesha kwamba walioonekana wazee zaidi ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata, na kwamba pacha aliyeonekana mkubwa kumshinda mwenzake mara nyingi ndiye aliyetangulia kufa.

Kwa hiyo sura si ya kupuuzwa. Lakini angalia inachosema: wale walikuwa mapacha, waliozaliwa siku moja. Sura haikueleza miaka yao, ilieleza yaliyowapata katika miaka hiyo.

Jua la pwani

Jambo la kwanza linaloizeesha sura ni jua. Kwale iko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita mchana hupita utosini kabisa. Pamoja na mwanga, jua huleta miale isiyoonekana kwa macho iitwayo urujuanimno. Miale hii hupenya ngozi na kuvunja nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo zinazoifanya ngozi iwe imara na nyororo. Nyuzi zikikatika, ngozi hulegea na kufanya makunyanzi.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Ile rangi iitwayo melanini huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwa Mwafrika kuliko kwa Mzungu. Watalii wengi wanaoota jua katika ufuo wa Diani huonekana wazee mbele ya wenyeji wa rika lao kwa sababu hii. Lakini kinga hiyo si kamili. Kwa mtu mweusi, jua huonyesha kazi yake kwa madoa, kwa weusi usiolingana mashavuni, na kwa ngozi iliyolegea chini ya macho.

Mvuvi wa Msambweni au mama anayelima mwani Kibuyuni hupigwa na jua mara mbili: mara moja kutoka juu, na mara ya pili kutoka kwenye maji na mchanga mweupe unaourudisha mwanga usoni. Macho nayo huumia. Kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa kuelekea mboni huwapata sana watu wanaoshinda juani na kwenye upepo wa chumvi. Mtu wa miaka 40 mwenye macho ya namna hiyo hudhaniwa ana 60.

Tumbaku, moshi na meno

Sigara hubana mishipa midogo inayolisha ngozi, nayo ngozi hukauka na kupauka. Ndiyo sababu mvutaji hupata mikunjo mapema kuzunguka midomo. Tumbaku ya kutafuna, miraa na muguka huchafua meno, na tena miraa na muguka hukosesha mtu usingizi na hamu ya chakula, hata uso ukakonda.

Meno yana nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliolishikilia huanza kupungua. Yakitoka mengi, mashavu huingia ndani na kidevu kusogea karibu na pua. Hakuna kitu kinachoongeza miaka usoni kwa haraka kama hicho, na mara nyingi chanzo chake ni meno yaliyooza ambayo yangeweza kuzibwa mapema.

Mtoto anayeonekana mdogo

Kwa watoto mambo hugeuka. Mtoto mgonjwa haonekani mzee, huonekana mdogo. Wengi wamemwona mtoto wa darasa la sita mwenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Hali hiyo huitwa kudumaa, nayo hutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara.

Msambweni na sehemu nyingine za Kwale zinajulikana na watafiti wa nchi nyingi kwa sababu ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaopatikana katika maji ya mabwawa na vijito vyenye konokono. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu tumboni. Mtoto mwenye maradhi haya hula, lakini chakula hakimfai inavyopasa. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule wa Kwale katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kichocho au za minyoo waliongeza uzito kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo ukimwona mtoto anayeonekana mdogo kuliko miaka yake, usiseme tu kwamba "wao ni wafupi". Mpeleke zahanati apimwe.

Msichana anayeonekana mkubwa

Upande wa pili ni hatari zaidi. Mwili wa msichana huanza kubadilika wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, na hiyo ni kawaida. Maana yake ni kwamba msichana wa miaka 13 anaweza kuwa na kimo na umbo la mtu mzima. Mvishe nywele bandia, mpake rangi ya midomo, na mgeni atakuambia ana miaka 20. Lakini ni mtoto.

Mwezi wa Desemba 2006, UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi watoto wa pwani, Kwale ikiwemo, walivyokuwa wakitumiwa kwa ngono na watalii na pia na wenyeji. Udhuru unaosikika kila mara katika kesi za namna hii ni kwamba "alionekana mkubwa". Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka huo huo wa 2006 haiukubali udhuru huo kirahisi. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mahakama hutaka kujua mshtakiwa alichukua hatua gani kuuhakikisha umri. Kutazama sura peke yake si hatua.

Hata daktari hategemei sura. Mahakama ikitaka umri wa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, hospitali hukagua meno na kupiga picha ya eksirei ya mkono. Mifupa ya kiganja na kifundo huungana kwa utaratibu unaojulikana, na magego ya mwisho huota kwa kawaida baada ya miaka 17. Pamoja na hayo, makadirio yanaweza kukosea kwa miaka miwili, na kitabu cha picha za mifupa kinachotumika sana kilitokana na watoto wa Marekani wa miaka ya 1930 na 1940. Ikiwa eksirei hukosea, jicho lako je?

Mvi si ushahidi

Huja mvi. Nywele huwa nyeupe pale chembe zinazotia rangi kwenye shina la unywele zinapochoka. Waafrika wengi huanza kuziona katikati ya miaka ya arobaini, lakini ukoo ndio unaoamua zaidi. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo na sigara vinaweza kuziharakisha. Macho mekundu ya bibi kizee nayo yana sababu yake: ni miaka mingi ya kupuliza kuni katika jiko lisilo na dirisha.

Hata hivyo, katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na mvi na macho mekundu vikachukuliwa kuwa dalili. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa shamba. Hofu imefika mahali wazee wengine wanapaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Huo ni uzee unaofichwa kwa kuogopa panga, si kwa kutaka urembo.

Wakati huo huo, mzee huyo huyo anaweza kukosa faida ya uzee wake. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, lakini hutazama kitambulisho. Kikiandika miaka 64, sura ya miaka 80 haimpi kitu. Wamakonde wa Kwale walikaa miongo mingi bila vitambulisho hadi serikali ilipoamuru watambuliwe mwaka 2016, na Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Kwa wasio na cheti, njia nzuri ni kuuliza matukio, kama wafanyavyo makarani wa sensa. Je, alikuwa ameolewa wakati wa Uhuru, 1963? Alikuwa na watoto wangapi Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa, Agosti 1978?

Ufanye nini?

Miaka huwezi kuirudisha, lakini uchakavu unaweza kuupunguza:

- Vaa chepeo pana au kofia ya ukindu ukiwa juani, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.
- Acha tumbaku. Ngozi na mapafu vitakushukuru pamoja.
- Piga mswaki mara mbili kwa siku, na jino likianza kuuma liwahi kabla halijang'olewa.
- Fungua dirisha au toboa tundu la moshi mahali unapopikia.
- Jihadhari na krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya. Zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha weusi usiotoka.
- Ukitaka kuficha mvi, hina ya majani ni salama kuliko piko. Piko huwa na kemikali iitwayo PPD inayoweza kuunguza ngozi, na ikimezwa huua.
- Mwandikishe mtoto apate cheti cha kuzaliwa mapema. Siku moja karatasi hiyo inaweza kumlinda.
- Ukiona mtoto anatumiwa vibaya, piga 116. Simu hiyo hailipiwi.

Tena, msomaji, unapomkadiria mtu miaka, kumbuka kwamba unachokisoma usoni pake ni jua alilolivumilia, moshi aliouvuta na njaa aliyoishinda. Shikamoo mpe, hata kama umekosea. Shikamoo haijamdhuru mtu.