KUNASA MTAA KWA MASIKIO MAWILI

Hebu fumba macho hapo hapo ulipoketi. Kiti kikiburutwa nyuma yako, utajua ni nyuma. Mwalimu akipita verandani, utajua kama anaelekea ofisini au anakuja darasani kwenu (na hilo ni jambo muhimu sana kulijua mapema!). Hukutazama wala hukuambiwa. Je, umejuaje?

Jawabu ni kwamba una masikio mawili, na kati yao pana kichwa. Umbali wa sikio hadi sikio ni sentimita 18 hivi, na sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti itokayo kulia kabisa hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto baadaye kidogo. Na kidogo chenyewe ni kidogo kweli: sehemu 6 au 7 za elfu kumi za sekunde. Lakini ubongo huutambua mwanya huo. Fauka ya hayo, kichwa hukinga sauti kama ukuta unavyokinga jua. Sauti nyembamba, mathalani filimbi ya mwalimu wa zamu, hulifikia sikio la pili ikiwa imefifia. Sauti nzito kama ya ngoma hukizunguka kichwa bila taabu, na hapo ubongo huutegemea zaidi ule mwanya wa wakati.

Na ikiwa sauti iko mbele kabisa au nyuma kabisa, ambapo masikio yote mawili huipata sawasawa? Basi hapo kazi ni ya mikunjo ya sikio la nje, ile ambayo wengi wetu tulidhani ni ya kuchomekea kalamu tu. Mikunjo hiyo huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, na ubongo umezoea mabadiliko hayo tangu utotoni.

Sasa fikiria simu unayonasia sauti. Simu nyingi hunasa kama zenye sikio moja. Ukinasa soko la Marikiti kwa simu, wauza viungo, wachukuzi na tuktuk wote hurundikana mahali pamoja, kama nguo kwenye karai. Unasikia kelele tu, soko husikii. Lakini ukiweka maikrofoni mbili ndogo, moja mlangoni mwa kila sikio, kila moja itapokea kile ambacho sikio lake lingepokea, pamoja na ule mwanya na ule ukingo wa kichwa. Kisha atakayesikiliza akivaa iafoni, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, atajiona amesimama pale pale uliposimama wewe. Kwa spika za redio haifai, kwa sababu sauti ya kila spika huyaingia masikio yote mawili na kuvuruga mambo.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1881 huko Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka maikrofoni kwenye jukwaa la Opéra, akapeleka sauti kwa nyaya za simu hadi kwenye maonyesho ya umeme. Msikilizaji alishika vipokezi viwili, kimoja kila sikio, akasikia waimbaji wakihama upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Mwaka 1933, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, palikuwa na sanamu ya mtu iliyoitwa Oscar, yenye maikrofoni kichwani, na wageni wakasikiliza kupitia masikio yake. Kampuni ya Neumann ya Ujerumani ikatoa kichwa chake cha bandia mwaka 1973. Vichwa hivyo ni ghali mno. Sisi tuna vichwa vyetu, tena vya bure.

Katika Chama cha Kiswahili tulianza muhula wa kwanza. Fundi wa redio alituuzia maikrofoni mbili ndogo kama punje za mahindi na kutuunganishia nyaya. Simu nyingi hupokea maikrofoni moja tu ya nje, kwa hivyo tuliazima kinasa-sauti kidogo chenye njia mbili. Maagizo yetu ni machache. Usigeuze kichwa ovyo, maana ukigeuka, dunia yote ya msikilizaji inageuka nawe. Usitafune kitu. Usimeze mate kila saa. Upepo wa bahari ndio adui mkubwa, ukivuma kwenye maikrofoni hunguruma kama lori. Tuliufunika kwa vipande vya sponji, na kusema kweli sisi wasichana wenye hijabu tulifaidi, kwani kitambaa kilizuia upepo, mradi kisikwaruze. Hifadhi sauti bila kuibana. Kila dakika itakula megabaiti 10 hivi, lakini sauti iliyobanwa sana hupoteza yale mambo madogo madogo ambayo ndiyo shabaha yetu.

Utauliza, haya yote ni ya nini? Nitakueleza habari za babu yangu. Babu alikaa Kibokoni, katika Mji wa Kale, zaidi ya miaka 40. Presha ya macho ikamnyang'anya uwezo wa kuona, na sasa anaishi Kilifi kwa shangazi. Picha za simu hazimfai kitu. Siku moja nilisimama Kibokoni dakika 20 baada ya sala ya Alasiri, nikanasa, na Jumamosi yake nikamvalisha Babu iafoni barazani.

Mwanzo alinyamaza. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akasema, "Msikiti uko huku. Basi umesimama kwenye kona." Kweli nilikuwa konani! Muuza kahawa alipotokea nyuma akigonganisha vikombe vyake, Babu alikunja miguu haraka. "Yuwaja huyo, mpisheni, dele lake ni la moto!" Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Babu hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aanzishiwe tena.

Mara ya pili ndipo alipouliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mbona sisikii mbuzi?" Nikadhani ni wa kufugwa. Kumbe ni mbuzi ya kukunia nazi. Alisema zamani saa kama hiyo kila dirisha lilitoa sauti hiyo. Nikarudi nikasikiliza rekodi yote kwa makini. Hamna hata mmoja. Siku hizi nazi husagwa kwa mashine sokoni, au hununuliwa tui la pakiti. Sauti ile imeondoka mtaani na hakuna aliyeaga.

Jambo moja tunalisisitiza. Maikrofoni hizi hazionekani, na mtu anaweza kudhani unasikiliza muziki tu. Kunasa mazungumzo ya watu kwa siri ni utovu wa adabu, na Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayohusu habari za mtu anayetambulika. Muuza kahawa tulimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba naye asikilize. Palipo na maneno ya faraghani, tunafuta.

Hadi sasa tuna rekodi tisa katika kompyuta ya maktaba, na kila Jumatano baada ya masomo unaweza kuja kuzisikiliza, ila uje na iafoni yako. Ya kumi ndiyo inayotutatiza. Kama nyanya yako au jirani bado anakuna nazi kwa mbuzi nyumbani, tafadhali nione Kidato cha Tatu Mashariki. Tutaomba ruhusa yake, tutaleta nazi zetu wenyewe, na tutakaa kimya.