Sabuni ya Baba kutoka Nchi ya Chai

Chupa ya mafuta ya nazi tuliyoifunga Mombasa ikiwa inacheza kama maji, tuliikuta imeganda kama jiwe asubuhi yetu ya kwanza mjini Kericho. Tuliipindua chini juu, hata tone halikutoka. Wasomaji wetu wa mwambao, ambao mafuta hayo huyaona yakimiminika mwaka mzima, huenda wakastaajabu. Lakini mafuta ya nazi huanza kushikamana joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi, na huku tumepanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni ya sweta. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya mashamba ya chai, mvua hushuka, na mara nyingine huwa ya mawe, ikayatoboa majani ambayo wachumaji walikuwa wayachume kesho yake.

Mwaka wa nne huu tunaishi huku kwa ajili ya kazi, na kila likizo tulikuwa na taabu ileile: tumpelekee Baba nini? Majani ya chai tumempelekea mpaka kabati la jikoni limejaa. Yeye yuko Mji wa Kale, hatoki sana siku hizi, na si mtu wa kupenda vitu. Mwaka huu tuliamua kumpikia sabuni ya kunyolea. Tunaieleza safari hiyo hapa pamoja na makosa yake, kwa kuwa makosa hayo yalikaribia kutugharimu.

Tangu tupate akili tunamjua Baba kuwa mtu wa kunyoa kichwa kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga na kuvaa kanzu. Hakuna aliyewahi kumshikia wembe. Lakini kwa miaka kadhaa sasa ana kisukari, na mwaka jana alijikata kidogo nyuma ya sikio, mkato wa kucha tu, ukachukua wiki tano kufunga. Dada yetu alikuwa akimpeleka kuoshwa kidonda siku baada ya siku. Daktari alimshauri aweke wembe chini. Baba hakukataa wala hakukubali. Alinyamaza, na sisi tunaomjua tulielewa kwamba wembe hautawekwa chini.

Tulipochunguza tukaona tatizo si mkono wake, maana mkono bado ni mtulivu. Tatizo ni kile anachopaka. Sabuni ya kuogea hutoa povu jingi la mapovu makubwa, kisha likakauka kabla wembe haujafika utosini; sehemu ya mwisho hunyolewa karibu na ukavu. Na povu la mkebe lilikuwa likimwacha akijikuna.

Wengi hudhani sabuni ya kunyolea ni shughuli ya wanaokata ndevu, na kwa kuwa wengi wetu huzifuga, jambo hili hawalijali. Lakini tukizikumbuka sunna za maumbile, miongoni mwake kupunguza masharubu na kuondoa nywele za mahali pa siri, ambazo tumefundishwa tusiziache zikapita siku 40, tutaona kwamba kila nyumba ina watu wanaoshika wembe, wake kwa waume, na wengi wao hutumia kipande chochote cha sabuni kilichobaki bafuni.

Sabuni ya kunyolea hutofautiana na nyingine kwa mambo mawili. La kwanza ni mafuta. Mafuta ya nazi hutoa povu la haraka, ila yakizidi huikausha ngozi. Povu zito, dogodogo, linalokaa, hutokana na asidi ya steariki, ambayo imo kwa wingi katika shahamu ya ng'ombe na huuzwa pia peke yake, vipande vyeupe kama mabaki ya mshumaa. La pili ni kostiki. Sabuni ya mche hupikwa kwa kostiki soda; ya maji hupikwa kwa kostiki ya potasi. Ya kunyolea huchanganya zote mbili, potasi ikiwa nyingi zaidi, ili iwe laini na ikubali maji upesi, soda nayo ikiipa umbo.

Kwenye shahamu ndipo tulipopata mtihani wa kwanza. Jirani yetu, mama wa Kikipsigis ambaye kwao ni upande wa Bomet, na ambaye ndiye aliyetufundisha kuitikia chamgei na kuyanywa mursik, maziwa ya kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, alisikia tunatafuta mafuta ya ng'ombe. Jioni hiyo hiyo akaja na bakuli limejaa. Kulikuwa na sherehe kwao, wamechinja. Tulisimama mlangoni hatujui tuseme nini, maana mtu amekuja kwa miguu katika matope kukuletea kheri. Kuipokea na kuimwaga kisirisiri ingekuwa rahisi, na tunakiri kwamba wazo hilo lilitupitia. Tukamwambia ukweli: zawadi hii ni ya mzee wetu, ataipaka kichwani saa chache kabla ya swala, na sisi shahamu hatuitumii mpaka tujue mnyama alichinjwa na nani na vipi. Akatuangalia, akacheka, akasema kwao pia kuna vitu ambavyo mzee haguswi navyo. Kisha akatutajia bucha la mjini ambalo mchinjaji wake ni Mwislamu. Hilo si jambo la nadra. Katika miji mingi ya Kenya, hata ya bara, kazi ya kuchinja hukabidhiwa Waislamu ili nyama iliwe na wote. Bakuli lake alirudi nalo, lakini halikurudi tupu, tulitia mahamri.

Asidi ya steariki nayo ina swali lake, kwa kuwa hutolewa kwenye mawese na kwenye mafuta ya wanyama vilevile. Tulimtaka muuzaji atuoneshe maandishi ya gunia, tukachukua ya mawese.

Shahamu iliyo bora ni ile inayozunguka figo. Tuliikatakata, tukaichemsha polepole na maji na chumvi kidogo, tukaichuja kwa kitambaa, tukaiacha nje usiku. Hapa baridi ya Kericho ilitufaa: asubuhi tulikuta sahani nyeupe ngumu inayoelea juu ya maji machafu. Tuliirudia kazi hiyo mara tatu mpaka harufu ya bucha ikatoka.

Sasa tuje kwenye kosa. Siku ya kwanza ya kupika tulipima kostiki vizuri, tukavaa glavu na miwani, tukatoka barazani penye hewa, tukakumbuka sharti kubwa kwamba kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, wala si maji juu ya kostiki, maana ukigeuza huchemka ikakurukia. Yote hayo tulikuwa tumeyasoma. Tulilolisahau ni sufuria. Sufuria za nyumba zetu nyingi ni za alumini, na kostiki huila alumini. Mara mchanganyiko ukaanza kufoka, ukageuka kijivu, ukatoa mvuke na hewa ya hidrojeni, ambayo huweza kushika moto. Binti yetu wa miaka 9 alikuwa amesimama karibu mno, kwa kuwa tulimwahidi atakoroga. Tone moja lilimwangukia kwenye kifundo cha mkono.

Hatukupaka siki, ingawa kuna watu hushauri hivyo, wala mafuta. Tulimshika mkono chini ya bomba, maji yakimiminika, tukahesabu dakika 20 naye akilia kwa baridi kuliko kwa maumivu. Kisha tukampeleka zahanati. Amebaki na alama ya ukubwa wa punje ya mtama. Ile sufuria tuliitupa, na kwa wiki mbili hakuna aliyetaja neno sabuni nyumbani kwetu. Aliyelirudisha ni yeye mwenyewe, akiuliza kama Babu bado atajikata.

Tukarudi, safari hii na chungu cha chuma kisichoshika kutu na jagi la plastiki nene, na mtoto akiwa ndani, dirishani, akisoma vipimo kwa sauti. Vipimo vyenyewe ni hivi: asidi ya steariki gramu 250, shahamu gramu 150, mafuta ya nazi gramu 100, kostiki ya potasi yenye usafi wa asilimia 90 gramu 66, kostiki soda gramu 28, maji gramu 200. Mwisho huongezwa gliserini gramu 25. Hesabu hiyo huacha mafuta kidogo yasiyoliwa na kostiki, nayo ndiyo yanayoilinda ngozi. Kila kitu hupimwa kwa mizani, hata maji. Kikombe na kijiko havifai. Na anayebadilisha mafuta lazima abadilishe na kostiki, kwa sababu kila mafuta yana kiwango chake. Kostiki ya kuzibulia mabomba isitumike kamwe, maana nyingine huwa na vipande vya alumini ndani.

Binti alitaka sabuni ya Kericho inukie chai, hivyo badala ya maji matupu tulitumia chai ya rangi iliyopoa kabisa. Ilipokutana na kostiki ikawa nyeusi kama kahawa, na harufu ya chai ikapotea yote. Sabuni ilitoka na rangi ya kahawia, kama haluwa. Hasara haikuwapo, lakini anayetaka harufu ya chai asiitafute kwa njia hii.

Mafuta tuliyayeyusha juu ya chungu cha maji yanayochemka. Asidi ya steariki huyeyuka karibu na nyuzi 70, na ikishuka hapo huganda, kwa hiyo tuliyaacha yapande hadi 80. Kwenye miinuko hii maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100, na mapishi yote huchukua muda zaidi. Maharage yametufundisha hilo zamani. Tulipoimimina ile kostiki kidogo kidogo, mchanganyiko ulikaza papo hapo, ukawa kama ugali ulioanza kushika, na mwiko ukataka nguvu. Mtu asiogope hapo. Aendelee kugeuza na kufunika kwa muda wa saa moja na zaidi, mpaka uwe kama mafuta mazito ya kupaka, wenye mng'ao. Tulipima kwa karatasi za rangi, zikasoma kati ya 9 na 10, ambayo ndiyo hali ya sabuni njema.

Harufu ilitugawa. Mmoja wetu alitaka karafuu, kwa sababu Baba hupenda karafuu. Lakini mafuta ya karafuu huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa, sembuse ya mgonjwa wa kisukari. Tukakubaliana isitiwe chochote. Mafuta yake ya udi anayo, atajipaka kwenye kanzu.

Chombo tulikipata sokoni: nazi mbili zilizosafiri kama sisi. Tulizikuna kwa wali, vifuu tukavikwangua nje na ndani mpaka vikalainika, na sabuni ikashindiliwa humo ingali moto. Ilikaa wiki nne kwenye rafu. Ilipokauka ilijitenga na kifuu pembeni, ikaacha ufa mwembamba kama uzi. Hilo halina madhara. Tuliijaribu wenyewe kwanza. Burashi iliyoloweshwa ikizungushwa juu yake kwa nusu dakika hutoa povu zito ambalo halitiririki, na wembe ukapita bila kukwama. Hapo ndipo tulipokifunga kifuu kimoja kwa kipande cha leso, tukakitia kwenye mkoba wa binti yetu, tukapanda basi la usiku: Nakuru, Nairobi, hata mapambazuko tukaiona minazi ya Mazeras.

Baba alikipokea kifuu, akakigeuza, akanusa, akasema hakinuki. Tulimwambia ndivyo kilivyokusudiwa. Akamwita mjukuu wake, akauliza ile alama ya mkononi ni ya nini, naye akaeleza yote, pamoja na sufuria. Baba hakusema neno. Ijumaa alfajiri tulimsikia bafuni. Alikaa huko kuliko kawaida yake, nasi tulikaa sebuleni tukijifanya tunakunywa chai, dada yetu akiwa na pamba tayari mkononi. Alitoka na kitambaa begani, akainama mbele ya mtoto ili aguse. Hapakuwa na mkato hata mmoja.

Tangu turudi huku amepiga simu mara mbili kuhusu jambo hilo. Mara ya kwanza kulalamika kwamba sabuni inatoka jasho. Gliserini huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa si haba, basi tukamwomba aiweke juu, mbali na ndoo. Mara ya pili kusema kwamba shemeji yetu ameanza kuiazima bila ruhusa. Kifuu cha pili tumeshakifunga, na mama jirani wa Bomet ameagiza chake, cha mumewe, na yeye anataka kitiwe karafuu.