Saa ya milioni 31, kasha ya chuma

Mwezi wa 11, mwaka 2019, kule Genève, saa moja ya mukono iliuzwa kwa mnada: franka za Uswisi milioni 31. Ni Grandmaster Chime ya kiwanda Patek Philippe, na pesa yake ilienda kusaidia utafiti wa ugonjwa wa misuli. Mutu atazani kasha yake ni ya dhahabu. Hapana, ni chuma kisichoshika kutu.

Basi watu wanalipa nini? Sisi wa mugodi tunazoea kupima mali kwa tani na kwa teneri. Tufungue saa, tuangalie.

Saa ya makanika haina batri. Ndani iko na resori, ukanda mwembamba uliokunjwa. Ukizungusha kile kifungo cha pembeni, resori inajikaza. Kisha inajifungua pole pole na kusukuma magurudumu. Gurudumu moja dogo linaenda na kurudi, kwa saa nyingi mapigo 8 kila sekunde. Njo maana mushale wa sekunde unaonekana kama unateleza. Wa saa ya batri unaruka.

Sahani inayobeba mashini kwa kawaida ni shaba na zinki. Resori ya saa nyingi za Uswisi ni ya Nivaflex, na karibu nusu yake ni kobalti. Shaba na kobalti ni metali zile zile zenye kujaza malori ya Kolwezi. Lakini ndani ya saa moja ni gramu kidogo tu, za makuta kidogo tu. Bei kubwa ni ya kazi: fundi anasugua pembe za vipande vidogo kuliko punje ya muchele, hata upande ambao mwenye saa hatauona kamwe.

Kwa hiyo, baba na mama, kama saa ya zamani ya mzee inalala ndani ya valizi, musikimbilie kuiuza. Musiisugue ili ing'are: wenye kukusanya saa wanatafuta sura yake ya kwanza, pamoja na makovu yake. Muipeleke kwa fundi wa saa, aifungue mbele ya macho yenu, musome jina lililoandikwa kwenye mashini. Mafuta yakiwa yamekauka, musiitembeze kwanza, itajila yenyewe. Na musishuke nayo mugodini: nyundo na sumaku ni adui zake.

Kisha mutoto anayependa kufungua redio nyumbani, mumuache akae karibu na yule fundi.