Taa ya Gari Inapotazama Kusiko

Taa ya mbele ya gari ina kazi mbili, kuwaka na kuelekea panapostahili, na ingawa wenye magari makuukuu hukimbilia kwa fundi pale taa inapozimika tu, taa inayowaka huku ikitazama kusiko ni mbovu vilevile, tena ni ya hatari zaidi kwa kuwa mwenyewe haoni kasoro yoyote. Jambo hili hudhihirika wazi katika taa za kuinuka, yaani zile zinazolala ndani ya boneti mchana na kuchomoza usiku, lakini linayahusu pia magari ya kawaida yaliyotoka Japani yanayopita Kiwanja, mji wa eneo la Rutshuru ulio zaidi ya kilometa 70 kaskazini ya Goma.

Taa za kuinuka zilipata sifa kwa gari la Kimarekani la Cord 810 la mwaka 1936, ambalo dereva wake alizipandisha kwa kuzungusha kishikio kilichokuwa kwenye dashibodi, na baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na mota ya umeme katika magari kama Toyota AE86 ya aina ya Trueno na Mazda MX-5 za mwanzo, zilizoundwa kuanzia 1989 hadi 1997. Kwa kuwa magari ya mwisho ya viwandani yenye taa hizo yalitoka mwaka 2004, yote yaliyobaki barabarani ni makuukuu, na maradhi yake ni ya uzee: grisi iliyokauka, nyaya zilizokatika ndani kwa kukunjwa mara kwa mara, na vipande vya plastiki vilivyolika.

Katika Mazda hiyo, mota huzungusha mkono mfupi wa chuma nusu duara ili kuinua taa, kisha nusu nyingine ili kuilaza, na ndani yake mna sahani ya shaba inayokata umeme kila nusu duara inapotimia. Taa ikikwama katikati kama jicho lenye usingizi, sahani hiyo ndiyo hushukiwa kwanza, kwa maana uchafu ukishaifunika mota hukosa umeme kabla ya safari yake kwisha. Fundi makini huanza kwa kuchomoa fyuzi, kwani mota inayoshtuka ghafla huweza kusaga vidole, ndipo huizungusha kwa mkono kwa kutumia kirungu kilichowekwa juu yake: kikizunguka kwa ulaini kosa liko kwenye umeme, na kikigoma kosa liko kwenye viungo.

Upande wa umeme, taa zote ni ndugu. Kabla ya kununua balbu mpya, inafaa kupima njia ya kurudia umeme, ambayo mafundi wa Kongo huiita masi, yaani waya unaounganisha taa na bodi ya gari. Taa zikiwa zimewashwa, ncha moja ya kipimo huwekwa kwenye masi ya taa na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Kikisoma zaidi ya nusu volti, kutu imeingia kwenye kiungo, na dawa yake ni msasa na kukaza skrubu. Hasara si ndogo, kwa sababu balbu ya halojeni inayopungukiwa na sehemu moja tu ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga.

Hata hivyo, taa iliyotengenezwa kwa uhodari wote huo bado huweza kutazama kusiko. Mwanga wa chini, ambao madereva huuita dimu, hukatwa kwa juu na mstari unaopanda upande wa pembeni mwa barabara, ili kumulika ukingo bila kumpofusha anayekuja. Japani huendesha kushoto, na kwa hiyo mstari wa taa zake hupanda kushoto. Gari lililotoka huko likiwa Uganda, kuvuka mpaka wa Ishasha, halina lawama, lakini likiwa Kiwanja, ambako magari hupita kulia, humwagia mwanga macho ya anayekuja na kuuacha gizani ukingo wa kulia, mahali wanapopita waendao kwa miguu na wasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo isiyo na taa yake. Skrubu ya kurekebishia haiponyi kasoro hii, kwa kuwa huushusha mwanga wote pamoja bila kugeuza umbo lake. Tiba kamili ni taa zilizoundwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na tiba ya muda ni kuziba sehemu ya kioo inayotupa mwanga unaopanda kwa utepe usiopitisha mwanga.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Usiku, gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na urefu wa kati wa taa huwekewa alama ya chaki. Mstari wa dimu unapaswa kukaa sentimita 10 hivi chini ya alama hiyo, halafu kupanda upande wa kulia. Ukipanda kushoto, taa hiyo ingali inafuata sheria za Japani, na msukuma chukudu anayerudi na mzigo wake jioni ndiye atakayekuwa wa mwisho kuonekana.