Dhana Tangulizi na Ushawishi katika Kauli Mbiu za Uchaguzi

1.0 Utangulizi

Tangazo la kisiasa aghalabu huchukuliwa kuwa ni ahadi: mgombea hutaja atakalolifanya, na mpiga kura huamua kama atamwamini. Makala haya yanadai kuwa sehemu kubwa ya ushawishi haimo katika ahadi hiyo, bali katika dhana tangulizi, yaani jambo lisilosemwa waziwazi lakini ambalo sharti likubaliwe ili kauli ipate maana. Kauli mbiu tatu za Kiswahili zinatumiwa kulifafanua dai hilo.

2.0 Uchambuzi

Mwaka 2007 Mwai Kibaki, aliyekuwa Rais wa Kenya tangu mwaka 2002, aligombea kipindi cha pili kwa kauli mbiu "Kazi Iendelee". Kitenzi kimo katika dhamira tegemezi. Kwa hiyo kauli inataka, haiarifu, na haiwezi kuitwa kweli wala uongo. Hata hivyo, maana ya "endelea" inadai kuwa kazi ilikwisha kuanza. Ukanushi hauiondoi dhana hiyo, kwani asemaye "kazi isiendelee" naye anakiri kwamba kazi ilikuwapo. Mpinzani hulazimika kuuliza, "Kazi gani?", swali linalohitaji hoja ndefu kuliko nafasi ya bango.

Kauli ya CCM ya mwaka 2005, "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya", ilikabiliwa na tatizo jingine. Jakaya Kikwete aligombea kupitia chama tawala, naye alikuwa waziri katika serikali iliyokuwa ikimaliza muda wake. Kivumishi "-pya" kinadokeza kuwapo kwa ari ya zamani, ila hakimtaji mwenye ari hiyo wala upungufu wake. Kwa njia hiyo, mtaka mabadiliko na mtaka mwendelezo waliweza kuifasiri kauli ileile kila mmoja kwa upande wake.

"Hapa Kazi Tu", iliyotumiwa na John Magufuli mwaka 2015, haina kitenzi, mtenda wala wakati. Neno "tu" linatenga mambo mengine bila kuyataja. Msikilizaji ndiye anayeyataja moyoni mwake, yawe maneno matupu, uzembe au rushwa. Vilevile "hapa" haibainishi kama ni kwa mgombea, chamani au nchini. Aristotle aliligusia jambo hili katika "Rhetoric": hoja inayojulikana haihitaji kutamkwa, kwa kuwa msikilizaji huijazia mwenyewe.

3.0 Hitimisho

Haimaanishi kwamba kauli mbiu pekee huleta ushindi. Mtandao wa chama, fedha na sifa za mgombea navyo vina nafasi yake. Linalodhihirika ni kwamba ahadi iliyotamkwa inaweza kupimwa baada ya miaka mitano, ilhali dhana ambayo mpiga kura aliijazia mwenyewe haimwachii jambo la kumdai kiongozi. Kwa sababu hiyo, mchambuzi wa lugha ya siasa hana budi kuyachunguza yaliyodokezwa kwa makini yaleyale anayoyatumia kuchunguza yaliyosemwa.